Malezi ya Mwana wa Mwenzio

Kulea mwana wako ni wajibu usiohitaji hoja. Kulea mwana wa mwenzio, naye mwenzio yu hai, ni jambo jingine. Ni wema ambao ndani yake mna swali, na swali lenyewe halijibiwi kwa kuusifu moyo wa mtendaji. Kwa idhini ya nani mtu wa tatu huingia kati ya kijana na wazazi wake? Akiisha kuingia, ana haki ya kumtaka kijana nini? Na siku ya kutoka, hutoka vipi?

Nauliza maswali haya mintarafu ya kazi moja mahsusi: kazi ya Wakristo wanaojitolea kuwaongoza na kuwategemeza vijana wa umri wa balehe walio karibu na ulevi, wizi, magenge na jela, pamoja na jamaa za vijana hao. Sikuichagua kazi hii kwa kuwa Wakristo peke yao huwajali vijana. Uislamu umeihimiza haki ya yatima kwa maneno makali kuliko maneno ya sheria nyingi za serikali. Nimeichagua kwa sababu Mkristo mwenye kufanya kazi hii aghalabu husema wazi kwamba imani ni sehemu ya dawa anayoitoa. Na hapo ndipo swali la haki linapopata makali yake.

Yatima ana mlango wake katika dini zote mbili. Waraka wa Yakobo umehesabu kuwatazama yatima na wajane kuwa dini iliyo safi. Lakini kijana ninayemzungumza mara nyingi si yatima. Baba yake yupo, pengine amelemewa na pombe; mama yake yupo, pengine hutoka alfajiri kuuza mboga na kurudi usiku watoto wamelala. Lugha yetu imemwita kijana huyu mtoto wa mitaani, kana kwamba mtaa una tumbo la kuzaa. Nairobi humwita chokoraa, kwa kuwa alionekana akichokora majaa. Majina yote mawili yamewafuta wazazi kwa kalamu moja, na nadhani wafadhili wengi wameyafuata majina kuliko kuufuata ukweli.

Tumtazame mtu mmoja ambaye kazi yake imekuwa mfano kwa wengi waliomfuata. Giovanni Bosco alizaliwa mwaka wa 1815 katika kitongoji cha Becchi, si mbali na mji wa Torino, Italia. Baba yake alikufa yeye hajatimiza miaka 2, akalelewa na mama yake Margherita, mjane mkulima asiyejua kusoma. Alipata upadre mwaka wa 1841, na mwalimu wake, Giuseppe Cafasso, alimpeleka kuyazuru magereza ya Torino. Mji ule ulikuwa ukikua upesi. Wavulana walishuka kutoka vijijini na milimani kutafuta kazi ya uashi, ya kuchonga mawe na ya kufagia mabomba ya moshi, na wengi wao hawakuwa na mtu mjini. Katika kumbukumbu zake Bosco ameeleza lililomshtua zaidi gerezani: alikuta vijana waliokwisha kufunguliwa wamerudi tena, kwa kuwa walipotoka hapakuwa na mtu wa kuwapokea. Alijiuliza kama wangalirudi lau wangalikuwa na rafiki mmoja nje ya ukuta.

Hapana nadharia kubwa katika swali hilo. Lasema kwamba kijana huanguka mahali asipokuwa na mtu, na kwamba tiba ya kwanza ni kuwapo. Mwaka wa 1846 Bosco alipata banda la kupanga katika mtaa wa Valdocco, akalifanya mahali pa ibada, mchezo na masomo. Mwezi wa Novemba mwaka huo alifanya jambo ambalo wasifu wake husimuliwa kwa utamu kuliko kufikiriwa: alikwenda kijijini akamchukua mama yake, mwenye umri wa miaka 58, aje akae naye kati ya wavulana wale. Margherita alipika, akafua, akashona, akakemea, mpaka alipokufa mwaka wa 1856. Padre alitambua kwamba padre hatoshi. Nyumba ya kulea ikikosa mtu wa kuuliza shati limepasukia wapi, hiyo ni bweni tu lenye sala.

Kuna ushahidi mwingine wa nyumba ile ambao kwangu una thamani kuliko masimulizi ya miujiza. Ni mkataba wa mafunzo ya kazi wa Februari 1852, kati ya fundi seremala mmoja wa Torino na kijana aliyetoka katika nyumba ya Bosco. Fundi anaahidi kumfundisha kijana kazi, kumrudi kwa maneno wala si kwa mapigo, kutomtumia katika kazi zisizo za ufundi wake, na kumwachia siku za sikukuu. Mkataba umeandikwa Bosco akiwapo kama msimamizi. Lakini hakuwapo peke yake: baba wa kijana pia ameingizwa katika mkataba, kwa jina lake na mji wake. Mtu angaliweza kusema, baba aliyemwacha mwanawe azurure mjini ana neno gani tena? Karatasi ile haikusema hivyo. Ilimweka mahali pake, ikamtaka awajibike.

Hata hivyo nisimfanye Bosco malaika. Wavulana wake walikuwa Wakatoliki kwa kuzaliwa, kama baba zao. Alipowafundisha sala hakumpokonya mtu kitu. Torino hiyo hiyo ilikuwa na Wawaldo, Waprotestanti waliopata haki za raia mwaka wa 1848, na kalamu ya Bosco juu yao ilikuwa kali mno. Lau kijana wa Kiwaldo angalibisha mlango wa Valdocco kwa njaa, swali letu lingalimkabili Bosco kwa uso wake wote. Sisi wa Afrika ya Mashariki hatuna anasa ya kulikwepa, maana mtaa wetu mmoja una msikiti na makanisa, na mara nyingi nyumba moja ina wajomba wa dini mbili. Wasalesiani, watawa wa shirika aliloliasisi Bosco mwaka wa 1859, walifika Kenya na Tanzania mwaka wa 1980. Waliukuta mtaa wa namna hiyo.

Tuweke mfano wa kubuni. Mama mmoja Mwislamu wa Tanga ana mwana wa miaka 15 aliyeanza kuvuta unga. Hospitali imempa dawa ya siku chache, ndugu wamechoka, baba amekwenda zake. Karibu na nyumba yao pana kituo cha Wakristo kinachowapokea vijana, na watu wake ni wapole na wavumilivu. Mama anampeleka mwanawe. Baada ya miezi 6 kijana amepata afya, amerudi shuleni, naye anataka kubatizwa. Je, mama ameibiwa, au amesaidiwa?

Wako wanaojibu kwa haraka kwamba msaada wa kweli huwa mtupu, hauna dini, na kwamba mwenye kuleta mkate na Biblia katika kikapu kimoja ni mfanya biashara. Jibu hili lina haki upande mmoja tu. Hapana malezi matupu. Mtu amwambiaye kijana kwamba kazi ni bora kuliko wizi, na kwamba mwili wake una heshima isiyouzwa, amekwisha kumfundisha itikadi, hata kama hakutaja jina la Mungu. Wala si uaminifu kumtaka mtu akifiche kile kilichomwamsha usiku kumfuata kijana katika vichochoro. Mwaka wa 1958 mhubiri wa Kipentekoste kutoka Pennsylvania, David Wilkerson, alikwenda New York kuwatafuta vijana wa magenge, na katika kazi yake ikatokea jumuiya ya Teen Challenge, ambayo sasa imeenea katika nchi nyingi. Yeye aliamini kwamba uongofu ndio uponyaji wenyewe. Ukimwambia mtu wa namna hii aiache dini mlangoni, umemwambia aiache dawa mlangoni.

Lakini dawa na bei hutambulikana kwa jaribio moja: hutendwaje kwa yule asiyeipokea? Kijana akisema, nawashukuru kwa chakula, lakini sitasali nanyi, naye akaendelea kupewa kitanda, sahani na uso ule ule wa upole, basi dini ilikuwa zawadi iliyokataliwa. Akisema hivyo na usiku ule kitanda chake kikapewa mwingine, dini ilikuwa bei, na mwenye njaa hana uhuru wa kupatana bei. Atasema amina. Atasema amina hata kwa dini tatu katika juma moja, ikiwa kila moja ina uji. Sijui imani gani hufaidika kwa amina kama hizo, na nashangaa kwamba wenye dini hawaoni aibu kwanza kwa ajili ya dini yao kabla ya kuona aibu kwa ajili ya kijana.

Pengine itasemwa kwamba tabibu naye humruhusu aende zake mgonjwa aliyekataa tiba. Ni kweli, lakini mgonjwa wa tabibu ni mtu mzima aliyekuja kwa hiari, na ana milango mingine ya kubisha. Kijana wa miaka 15 ana mlango mmoja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka wa 1989, katika kifungu cha 14, na Mkataba wa Afrika wa mwaka wa 1990, katika kifungu cha 9, yote miwili imempa mtoto uhuru wa mawazo, dhamiri na dini, na papo hapo imeitambua nafasi ya wazazi ya kumwongoza katika kuutumia uhuru huo kwa kadiri ya ukuaji wake. Watunga sheria hawakulimaliza tatizo. Wameliacha mikononi mwa watatu wale wale. Ila wametuonyesha kwamba kati ya watatu hao mlezi wa kujitolea hakupewa kiti cha mbele.

Kwa hiyo yule mama wa Tanga namjibu hivi. Ikiwa siku ya kwanza aliambiwa wazi, kwa lugha anayoielewa, kwamba nyumba hii ni ya Kikristo, kwamba mwanawe ataalikwa katika ibada wala hatalazimishwa, na kwamba hapana badiliko la dini litakalofanywa yeye hajaitwa na kusikizwa, hakuibiwa, ijapokuwa aweza kulia. Ikiwa aliyajua haya siku ya ubatizo, ameibiwa, hata kama mwizi alimrudishia mwana mzima. Najua wako watakaosema kwamba ni ukali kumwita mwizi mtu aliyeokoa maisha. Basi watafute neno jingine la kumwita mtu achukuaye kwa siri kile ambacho angaliweza kukiomba.

Ustaarabu wa Waswahili ulikuwa na mlezi asiye mzazi muda mrefu kabla ya mashirika haya. Msichana alipovunja ungo alikuwa na somo yake au kungwi. Mvulana alipokwenda jandoni alikuwa na wa kumwangalia na kumfunda. Hekima ya desturi ile ilikuwa kwamba yako maneno ambayo kijana hawezi kuyapokea kinywani mwa mama yake wala mama hawezi kuyatamka. Umri wa balehe humtaka mtu mzima mwingine. Lakini tuangalie mipaka yake. Kungwi aliitwa na jamaa, hakujileta. Alijulikana kwa jirani wote, na tabia yake ilijulikana. Kazi yake ilikuwa na mwanzo uliotangazwa kwa ngoma na mwisho uliotangazwa kwa karamu. Alipewa ujira na heshima, na binti alirudishwa kwa mamaye akiwa binti wa mamaye zaidi kuliko alivyokwenda. Mafunzo mengine ya unyago sitayatetea hapa. Umbo lake ndilo nalosifu. Mlezi wa siku hizi aghalabu hujileta mwenyewe, hutoka mbali, hajulikani na mtu ila kwa barua ya shirika lake, na mwisho wa kazi yake ni mwisho wa fedha.

Namna ya kumsaidia kijana huku mzazi akidhalilika ni rahisi mno. Viatu vipya vinatosha. Mtoto akirudi nyumbani na viatu ambavyo baba hakuviweza kwa miaka mitatu, neno la baba usiku ule limepungua uzito, na hapana aliyekusudia lipungue. Padre Arnold Grol, Mholanzi wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, alipoianzisha Undugu Society huko Nairobi mwaka wa 1973, kazi ilianza na wavulana wa barabarani wenyewe. Baadaye ikapanuka kuzifikia jamaa na mitaa walikotoka, katika mafunzo ya kazi, vipato vya akina mama na hata makazi ya gharama ndogo. Kwa macho ya mfadhili, kikoba cha mama hakina picha nzuri kama uso wa mtoto. Lakini mama akipata mtaji wa kuuza samaki, viatu hununuliwa na mama.

Sasa nifike mahali pagumu zaidi, ambapo nia njema yenyewe huwekwa kizimbani. Ireland ilikuwa na shule za viwanda, zilizoendeshwa na watawa Wakatoliki kwa fedha za serikali, na watoto wengi walipelekwa huko na mahakama kwa sababu tu wazazi wao walikuwa maskini. Mwaka wa 1946 Edward Flanagan, padre mzaliwa wa Ireland aliyeanzisha mji wa wavulana wa Boys Town karibu na Omaha, Marekani, mwaka wa 1917, alizuru nchi yake akayalaumu hadharani mambo ya taasisi zile. Wakubwa walimpuuza. Ripoti ya tume ya uchunguzi ilipotoka mwaka wa 2009, ilieleza mapigo, njaa na unajisi wa miongo mingi. Canada, watoto wa wenyeji wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 150,000 walitengwa na wazazi wao na kutiwa katika shule za bweni za serikali na makanisa. Tume ya nchi hiyo ilimaliza kazi yake mwaka wa 2015. Katika nchi zote mbili kosa lilianza kabla ya fimbo ya kwanza kuinuliwa. Lilianza pale mzazi alipohesabiwa kuwa ugonjwa na mtoto kuwa mgonjwa wa kuepushwa naye.

Hayo ni maovu yaliyo wazi. Lakini liko jambo la Marekani linalonisumbua zaidi, kwa kuwa ndani yake hamna mwovu. Daktari Richard Cabot wa Boston aliamini kwamba urafiki wa kudumu wa mtu mzima mwema waweza kumzuia mvulana asiingie katika uhalifu. Kwa juhudi yake walichaguliwa wavulana 506 wa miji ya Cambridge na Somerville, wakapangwa wawili wawili waliofanana, na kwa bahati nasibu mmoja katika kila jozi akapewa mshauri, mwingine akaachwa. Kuanzia mwaka wa 1939 hadi 1945 washauri waliwatembelea nyumbani, wakawasaidia masomo, wakawapeleka kambini wakati wa likizo, wakawahimiza kwenda kanisani. Miaka 30 baadaye mtaalamu Joan McCord aliwatafuta watu wale, sasa wazee wa makamo, na mwaka wa 1978 akaandika aliyoyaona. Wengi wa waliosaidiwa waliukumbuka msaada kwa shukrani. Walakini uhalifu wao haukupungua kuliko wa wenzao walioachwa. Na kati ya waliosaidiwa walionekana zaidi wenye kurudia makosa, wenye dalili za ulevi, na waliokufa mapema.

Wasomi wamebishana juu ya sababu. Wengine wamezionyesha kambi, ambako wavulana wenye matatizo waliwekwa pamoja wakafunzana. Wengine wamedhani kwamba kijana alizoea kutegemea mtu ambaye siku moja hakuonekana tena. Hili la pili lina nguvu kwangu. Jean Grossman na Jean Rhodes, katika utafiti waliouchapisha mwaka wa 2002 juu ya vijana waliopewa walezi wa kujitolea, walikuta kwamba urafiki uliodumu mwaka mzima au zaidi ulimfaidi kijana, na ule uliokatika kabla ya miezi mitatu ulimwacha akijithamini chini ya alivyojithamini kabla ya kumwona mlezi wake. Tulifikirie neno hili polepole. Kijana aliyekwisha kuachwa na baba ameletewa mtu wa kumthibitishia kwamba huachwa na kila mtu.

Hapa hoja ya dini yarudi kwa sura nyingine, na safari hii kwa upande wa Mkristo. Fedha ya mradi huisha baada ya miaka mitatu; mtumishi wa mshahara huhamishwa. Kanisa la mtaani haliondoki. Nadhani nguvu ya kweli ya malezi ya Kikristo haimo katika mahubiri, bali katika jambo hili lisilopendeza kuandikwa katika taarifa: kwamba mzee wa kanisa yule yule, kwenye benchi lile lile, atamwona kijana akiwa na miaka 15, akiwa na 20, akitoka jela, akioa, akirudi jela. Ubatizo na kipaimara vina msimamizi, mtu aliyeahidi mbele ya watu. Laiti ahadi hiyo, ambayo katika parokia nyingi imekuwa ya kununua zawadi na kupiga picha, ingalitimizwa na nusu tu ya walioitoa, pasingalihitajika vituo vingi.

Wanafunzi wetu wa chuo hunijia kila mwaka kabla ya likizo ndefu kuniomba barua ya kwenda kuwa walezi katika vituo hivi kwa majuma 6, Wakristo kwa Waislamu, na nyuso zao zina furaha ambayo sitaki kuizima. Siwakatalii barua. Nawauliza kwanza kama wataweza kumwandikia kijana mmoja kila mwezi kwa mwaka mzima baada ya kurudi, na kama wamekwisha kujua mama yake anaitwa nani na anakaa wapi. Asiyeweza kuahidi hayo namwandikia vilevile, lakini barua yake husema kwamba anakwenda kufundisha hesabu, kupika na kupaka rangi madarasa; wala asikubali mtoto yeyote amwite baba au mama.